Sura ya Saba: Slaidi Yako ya Kwanza

Kabla ya mwaka 1987, mtu aliyetaka kuonyesha maelezo yake ukutani alikuwa na njia mbili kubwa. Ya kwanza ni karatasi angavu za plastiki: aliziandika kwa kalamu maalumu au kwa mashine ya chapa, akaziweka moja moja juu ya kioo cha projekta yenye taa chini, na maandishi yakatokea ukutani. Ya pili ni slaidi za filamu ya milimita 35, ambazo zilitengenezwa na mafundi wa studio kwa gharama kubwa na kwa kusubiri. Katika makampuni makubwa, mwenye mada hakuigusa kazi hiyo kwa mikono yake. Aliandika rasimu, akamkabidhi katibu muhtasi au mchoraji, na akigundua neno moja limekosewa, ukurasa mzima ulirudi kufanywa upya.

Robert Gaskins, aliyejiunga mwaka 1984 na kampuni ndogo ya Forethought huko California, aliona kwamba kompyuta mpya zenye kuchora kwenye skrini zingeweza kumrudishia mwenye mada kazi yake. Yeye na Dennis Austin, na baadaye Thomas Rudkin, walitengeneza programu waliyoiita kwanza Presenter. Ilipoingia sokoni Aprili 1987, kwa kompyuta za Macintosh, ilikuwa imebadilishwa jina kuwa PowerPoint. Toleo hilo la kwanza lilijua rangi nyeusi na nyeupe tu, na kazi yake ilikuwa kuchapa kurasa za projekta ya karatasi angavu. Mwaka huohuo Microsoft iliinunua Forethought kwa dola milioni 14, na mwaka 1990 likatoka toleo la Windows.

Ninaanza na habari hii kwa sababu inaeleza programu ilimkusudia nani. Ilitengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye jambo la kusema: mwalimu, mhasibu wa SACCOS, muuguzi anayefundisha wajawazito, mwanafunzi anayetetea tasnifu yake. Haikudai awe mchoraji. Anayeshika mpangilio huo, yaani jambo kwanza, kisha ukurasa, mapambo mwisho, hujifunza misingi kwa siku chache. Anayeupindua huhangaika na rangi na vishale usiku kucha, na asubuhi hana la kusema.

Utakayojifunza hapa yanafaa kwa karibu kila programu ya slaidi. PowerPoint ndiyo inayopatikana katika ofisi nyingi. Impress, iliyomo ndani ya LibreOffice, ni ya bure na haihitaji intaneti. Google Slides hufanya kazi ndani ya kivinjari na huwaruhusu watu kadhaa kuandika kwenye faili moja kwa pamoja. Keynote ya Apple, iliyotoka mwaka 2003, ni ya kompyuta za Mac, iPhone na iPad. Menyu za nyingi kati ya hizi utazikuta kwa Kiingereza, ingawa Kiswahili nacho kimeshaingia katika uwanja huu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, furushi la programu za ofisi lililotafsiriwa kwa Kiswahili. Ukijua kila sehemu inafanya nini, lugha ya menyu haitakuzuia.

Anza na kalamu

Usifungue kompyuta bado. Chukua daftari uandike sentensi moja: wasikilizaji wakitoka, unataka waondoke na nini?

Tuchukue mfano mmoja tutakaokwenda nao hadi mwisho wa sura. Mwalimu wa Jiografia ana dakika 20 za kuzungumza na wanafunzi kuhusu milima mirefu ya ukanda wetu. Akiandika "Milima ya Afrika Mashariki" hajasema kitu. Hicho ni kichwa cha kabati zima la vitabu. Lakini akiandika "Milima yetu mirefu mingi ilijengwa na volkano, ila Ruwenzori iliinuliwa na nguvu za ndani ya ardhi", sasa ana hoja. Na hoja hiyo inamwambia pia cha kuacha. Watalii, wanyama na majina ya wapandaji wa kwanza ni habari nzuri, lakini za siku nyingine.

Chini ya sentensi hiyo aorodheshe hatua za kumfikisha mwanafunzi pale. Milima yenyewe iko wapi. Volkano inajengaje mlima. Mfano wa Kilimanjaro na vilele vyake vitatu, Kibo, Mawenzi na Shira. Mfano wa Meru, uliolipuka mara ya mwisho mwaka 1910. Ruwenzori, kwenye mpaka wa Uganda na Kongo, ambako bonge kubwa la miamba ya kale lilisukumwa juu kando ya Bonde la Ufa. Kisha ulinganisho, na mwisho hitimisho. Hizo ni hatua saba, na kila hatua itapata slaidi yake. Ukiongeza slaidi ya kichwa, una nane.

Dirisha na sehemu zake

Sasa fungua programu na uchague wasilisho tupu. Katikati utaona slaidi unayoifanyia kazi. Upande wa kushoto kuna safu ya picha ndogo, moja kwa kila slaidi. Humo ndimo unapozipanga, kwa kuikokota moja na kuiweka juu au chini ya nyingine. Chini ya slaidi kuna nafasi ya maelezo ya msemaji, ambayo wasikilizaji hawaioni. Ikiwa imefichwa, bofya neno Notes lililo chini ya dirisha. Juu kabisa kuna vichupo: Insert cha kuingiza picha, jedwali na chati, Design cha rangi na sura ya slaidi, Transitions na Animations vya miondoko, na Slide Show cha kuonyesha.

Jifunze vitufe vichache vya kibodi, maana vinaokoa muda mwingi kuliko kutafuta kwenye menyu. Ctrl na M huongeza slaidi mpya. Ctrl na D hunakili slaidi uliyoichagua. Ctrl na Z hurudisha ulichokiharibu, na ukiendelea kubonyeza inarudi hatua nyingi nyuma. Ctrl na S huhifadhi. Mwanafunzi anayejua Ctrl na Z hujaribu mambo bila hofu, na kujaribu ndiko kunakofundisha programu hii kuliko kitabu chochote, hiki kikiwemo.

Kila slaidi mpya huja na visanduku vya mstari mwembamba vinavyokuomba ubofye uandike: kimoja cha kichwa, kingine cha maudhui. Wanaoanza wengi huvifuta, wakachora visanduku vyao popote panapowapendeza. Nakusihi usifanye hivyo. Visanduku hivi vimefungamanishwa na programu nzima. Kichwa ulichokiandika ndani yake huonekana katika muhtasari wa wasilisho, hivyo unaweza kusoma hoja yako kutoka juu hadi chini na kuona hatua iliyokosekana. Ukibadilisha sura ya slaidi, maneno yaliyomo hubadilika yenyewe kwa ukubwa, rangi na mahali. Na programu zinazowasomea wasioona kwa sauti huvitegemea ili zijue kipi ni kichwa na kipi kinafuata. Ukitaka mpangilio tofauti, tuseme picha kushoto na maneno kulia, bofya Layout uchague mpangilio mwingine; visanduku vitakuja vimejipanga.

Slaidi kuu

Nyuma ya slaidi zako zote kuna moja isiyoonekana wakati wa kuonyesha: slaidi kuu. Katika PowerPoint utaifikia kwa kufungua kichupo cha View na kubofya Slide Master. Lolote utakaloliweka huko, iwe nembo ya shule, aina ya fonti au rangi ya vichwa, hutokea katika slaidi zote. Ni kama kuchovya pindo la kitambaa kwenye rangi na kitambaa chote kikaiva.

Faida yake huonekana pale mkuu wa shule anapokuambia saa moja kabla ya kikao kwamba nembo imebadilika. Aliyebandika nembo kwenye kila slaidi kwa mkono ataanza kufuta na kubandika upya, na mara nyingi moja itabaki ya zamani. Aliyetumia slaidi kuu hubadilisha mara moja na kazi imekwisha. Humo pia weka namba za kurasa, ili msikilizaji mwenye swali aweze kusema "naomba turudi ukurasa wa tano" na wote waelewane.

Maneno ya slaidi

Hapa ndipo wasilisho linapopona au kufa. Mkosaji mkubwa ni slaidi iliyobeba hotuba nzima, na msemaji akawageuzia watu mgongo akiisoma. Watu husoma kimya kwa kasi kuliko wewe unavyosoma kwa sauti, kwa hiyo wanamaliza kabla yako, wanakusubiri, kisha wanaacha kukusikiliza. Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, amechunguza jambo hili kwa miaka mingi. Majaribio yake yalionyesha kwamba mwanafunzi hujifunza vizuri zaidi kwa picha na sauti ya mwalimu kuliko kwa picha, sauti, na maneno yaleyale ya sauti yakiwa yameandikwa tena kwenye skrini. Jicho likisoma huku sikio likisikia jambo lilelile, akili hutumia nguvu kulinganisha viwili hivyo badala ya kuelewa.

Kwa hiyo andika kichwa cha kila slaidi kama sentensi inayosema jambo. Badala ya "Ruwenzori", andika "Ruwenzori haikujengwa na volkano". Mwanafunzi aliyepotea kidogo akiinua macho, anajua papo hapo uko wapi. Chini ya kichwa weka kinachothibitisha hoja hiyo: picha, mchoro, au mistari michache mifupi. Maelezo mengine yapeleke kwenye nafasi ya maelezo ya msemaji, utayasema kwa mdomo.

Ukubwa wa herufi usishuke chini ya 24, na vichwa viwe 36 au zaidi. Guy Kawasaki, aliyewahi kufanya kazi Apple na ambaye amesikiliza wafanyabiashara wengi wakiomba mtaji, ni mkali zaidi: slaidi 10, dakika 20, na herufi zisizopungua 30. Maneno yakikataa kuenea kwa ukubwa huo, usipunguze herufi. Punguza maneno au gawa slaidi mara mbili. Chagua rangi zinazopingana kwa nguvu, nyeusi juu ya nyeupe au nyeupe juu ya buluu iliyokoza. Njano juu ya nyeupe, hata ikisomeka kwenye laptopu yako, hupotea kabisa katika darasa lenye madirisha wazi na jua la saa sita.

Kuna slaidi moja inayostahili kukumbukwa na kila anayejifunza kazi hii. Tarehe 16 Januari 2003 chombo cha anga cha Columbia kiliporushwa kutoka Marekani, kipande cha povu kilibanduka kwenye tangi la mafuta na kugonga bawa la kushoto. Chombo kikiwa bado angani, wahandisi wa Boeing walikadiria madhara na kuwaeleza wakuu wa NASA kwa slaidi. Kichwa cha mojawapo kilitoa picha ya kutuliza moyo. Chini yake yalifuata maelezo ya ngazi juu ya ngazi, kila moja kwa herufi ndogo kuliko ya juu yake. Jambo zito kuliko yote liliwekwa mwisho kabisa: kipande kilichogonga bawa kilikadiriwa kuwa kikubwa mara 640 ya vipande vilivyotumika katika majaribio waliyoyategemea. Kwa maneno mengine, majaribio hayo hayakuweza kuwahakikishia usalama. Tarehe 1 Februari Columbia ilisambaratika ikirejea duniani, na wanaanga wote 7 wakafa.

Ajali hiyo ilikuwa na sababu nyingi, na slaidi haikuivunja Columbia. Hata hivyo tume ya uchunguzi, katika ripoti yake ya Agosti 2003, iliichapa slaidi hiyo pamoja na uchambuzi wa Edward Tufte, profesa wa Chuo Kikuu cha Yale, na ikasema ni rahisi kuona jinsi mkuu angeisoma bila kutambua kwamba inazungumzia hatari ya kifo. Ikailaumu pia NASA kwa kuziacha slaidi zichukue nafasi ya ripoti kamili za kitaalamu. Jifunze mambo mawili. Jambo kubwa liwe kwenye kichwa, kwa herufi kubwa. Na jambo linalohitaji kurasa kumi za hoja na hesabu, liandikie ripoti uwagawie watu, kisha tumia slaidi kuwaongoza ndani yake.

Picha na chati

Picha iingize kwa kichupo cha Insert. Ukitaka kuikuza au kuipunguza, ikamate kwenye kona. Ukiivuta kwa ubavu, Kibo itanenepa au kurefuka isivyo. Picha moja kubwa inayojaza slaidi ina nguvu kuliko nne ndogo zilizobanana. Kama si yako, taja aliyeipiga, na hakikisha ameruhusu itumike.

Chati ndiyo sehemu ambayo kompyuta inakuzidi mkono, basi iachie kazi hiyo. Bofya Insert, kisha Chart, uchague ya mihimili. Litafunguka jedwali dogo. Futa tarakimu za mfano uandike hizi, zote kwa mita: Kilimanjaro 5,895, Kenya 5,199, Ruwenzori 5,109, Meru 4,566, Karisimbi 4,507. Kila ukiandika, mhimili unainuka.

Chati itakuja na rangi na mistari ambayo hukuiomba. Ondoa visivyo na kazi: mistari ya nyuma, kisanduku cha ufafanuzi kama kuna kundi moja tu la takwimu, na kivuli chochote. Kisha rudi kwenye hoja yako. Milima minne kati ya hii ni ya volkano, mmoja siyo. Basi ipake minne rangi moja ya kijivu, na Ruwenzori peke yake rangi ya chungwa: bofya mhimili wake mara moja, ubofye tena ili uchaguliwe huo tu, kisha ubadilishe rangi. Sasa rangi inafundisha. Mwanafunzi anaona bila kuambiwa kwamba mlima mmoja ni tofauti, na anaona pia kwamba umefikia karibu urefu wa Mlima Kenya bila msaada wa volkano. Hapo swali la "kwa nini?" litatoka kwao wenyewe. Usitegemee nyekundu na kijani kutenganisha mambo, kwa maana wapo watu wasiozitofautisha rangi hizo.

Miondoko

Programu hizi zina makumi ya miondoko: slaidi zinazogeuka, maneno yanayoruka, herufi zinazodondoka moja moja. Tumia mmoja tu, ule wa kitu kutokea taratibu, na uutumie pale tu unapotaka watu waone hatua kwa hatua. Katika mchoro wa Ruwenzori, onyesha kwanza tabaka za miamba, kisha nyufa zilipotokea, kisha bonge likiinuka. Hapo mwondoko una kazi. Kwingine kote acha.

Kuhifadhi na kusafiri na faili

Hifadhi kazi tangu slaidi ya kwanza, na endelea kubonyeza Ctrl na S kila unapopumzika. Umeme hukatika bila taarifa, na betri iliyochoka haisubiri. Google Slides hujihifadhi yenyewe mtandao ukiwepo.

Tangu mwaka 2007 PowerPoint huhifadhi faili zenye mwisho wa pptx, na Impress hutumia odp, ingawa inafungua na kuandika pptx pia. Ukihamia kompyuta nyingine, mambo mawili huharibika mara kwa mara. Fonti isiyokuwepo kwenye kompyuta hiyo hubadilishwa na nyingine, na mistari ikafurika nje ya visanduku; kwa hiyo tumia fonti za kawaida. Na video iliyounganishwa tu, bila kuingizwa ndani ya faili, hubaki nyumbani. Beba nakala tatu: moja kwenye fleshi, moja kwenye barua pepe yako, na moja ya PDF. Nakala ya PDF haina miondoko wala video, lakini hufunguka karibu kila mahali, hata kwenye simu, na sura yake haibadiliki.

Mbele ya watu

Fika mapema. Unganisha waya wa projekta, na skrini ikikataa kuonekana ukutani, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P. Ukichagua kurudia, ukuta utaonyesha kile kilichopo kwenye laptopu. Ukichagua kupanua, utapata mwonekano wa msemaji: wasikilizaji wanaona slaidi, wewe unaona slaidi, maelezo yako, slaidi inayofuata na saa. Nenda hadi mstari wa mwisho wa viti ujisomee mwenyewe. Usichokisoma wewe, hakuna atakayekisoma.

F5 huanzisha onyesho, Esc hulifunga, na vishale hukupeleka mbele na nyuma. Ukiulizwa kuhusu slaidi ya tano, andika 5 kisha Enter. Na kuna kitufe kimoja kinachotumiwa na wachache mno: B. Ukikibonyeza, skrini inakuwa nyeusi, na macho yote yanahamia kwako. Kitumie unapofika kwenye jambo unalolijali kuliko yote, useme ukiwatazama watu usoni. Bonyeza tena, slaidi itarudi.

Zoezi

Tengeneza wasilisho la slaidi nane la milima kama tulivyolifuatilia, au chagua mada ya kazi yako mwenyewe. Andika vichwa vyote kwanza, bila picha, uvisome kwa mfululizo. Visipoleta hoja, virekebishe hapo hapo. Weka fonti na namba za kurasa kwenye slaidi kuu. Tengeneza chati ya mihimili yenye rangi moja ya kutofautisha. Hifadhi kwa pptx na kwa PDF.

Kisha waite watu wawili wasiojua mada, umkalishe mmoja karibu na mwingine mbali, uwasilishe kwa sauti ukiwa umesimama. Ukimaliza, zima skrini uwaombe wakueleze wao kwa nini Ruwenzori ni tofauti na Kilimanjaro. Pale watakapokwama, hapo ndipo pa kuanzia kurekebisha.